Ukungu Ndani ya Taa za Gari: Maswali Yenu ya Msimu wa Masika

Masika yakishika Tanga, barua za safu hii hubadilika. Miezi mingine mnauliza klachi na betri. Kuanzia Machi mnauliza taa. Toleo hili tumelitoa lote kwa jambo moja, maji na ukungu unaoonekana ndani ya taa za mbele. Barua tumezifupisha, maswali tumeyaacha yalivyo.

Assalaam alaykum. Nina Noah ya kukodisha. Kila asubuhi baada ya mvua taa zote mbili za mbele zinakuwa na ukungu kwa ndani, upande wa chini karibu na bampa. Nikitembea mpaka kama saa tatu unakuwa umeisha. Fundi anataka azizibe zote kwa silikoni, pamoja na vile vimipira vya nyuma, ili hewa isiingie kabisa. Nimruhusu? — Dereva, Makorora

Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Usimruhusu. Taa zako ni nzima, na kazi hiyo ndiyo itakayoziharibu.

Taa ya gari si chupa iliyofungwa kwa kizibo. Balbu ya H4 hula wati 55 kwenye dimu na 60 kwenye fulu, na sehemu kubwa ya umeme huo hugeuka joto. Hewa ya ndani ikipata joto hutanuka, lazima ipate pa kutokea. Ukizima taa inapoa, inanywea, na lazima hewa nyingine irudi. Ndiyo maana kiwanda kimeweka pa kupumulia. Vile vimipira vilivyopinda kama kiwiko unavyoviona nyuma ya taa ndivyo pua zake. Taa nyingine zina kijibomba chenye sponji ndani, na nyingine zina kiraka cha duara, cheupe au cha kijivu, kinachopitisha hewa na kuzuia maji. Mara nyingi viko viwili, kimoja juu na kimoja chini, kwenye pembe zinazotazamana, ili hewa izunguke. Ukiziba hizo pua, hewa itatafuta njia kwenye maungio ya kioo na kasha, itaisukuma gundi kidogo kidogo kila siku, na mwisho taa itavuja kweli.

Shika hesabu hii ndogo. Hewa ya usiku wa masika yenye joto la nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha umande inapogusa kitu chenye nyuzi 23. Ni tofauti ya nyuzi nne tu. Kioo cha gari lililolala nje hufika hapo kabla ya alfajiri, na mvua hukifikisha kwa dakika chache huku taa bado ina moto. Sasa, hewa hiyo hubeba takriban gramu 20 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Tuseme taa yako ina nafasi ya lita 10. Maji yote yaliyomo kwenye hewa ya taa nzima ni gramu 0.2, yaani matone manne, na hata hayo si yote yanayoganda kwenye kioo.

Kwa hiyo utando mwembamba, kama ule unaotokea ukikipulizia kioo pumzi, hiyo ni hewa. Matone yanayotiririka, au maji yaliyotuama kwenye pembe ya chini kiasi cha kijiko, hayo hayakuletwa na hewa ya usiku mmoja. Yamepita tunduni.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Washa dimu, tembea nusu saa hadi saa moja. Ukungu ukianza kuyeyuka katikati ya kioo na kumalizikia pembeni, hauna neno; ni kama usemi wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Angalia pia kama taa mbili zinafanana. Moja ikiwa imelowa na mwenzake ni kavu, iliyolowa ina kasoro, maana zote mbili zimelala chini ya mvua ileile.

Badala ya kuziba, fungua boneti, vichomoe hivyo vimipira kwa mkono, uvioshe kwa maji ya sabuni, uvikaushe na kuvirudisha vikitazama chini. Utashangaa kinachotoka: tope, utando wa buibui, mara nyingine nyumba ya nyigu iliyojaza kijibomba chote. Usiweke pamba ndani. Pamba hunyonya maji na kuyashikilia hapohapo.

Habari za kazi. IST yangu iligongwa kidogo mbele kushoto, bampa likanyooshwa na rangi ikapigwa. Tangu hapo taa ya kushoto ina maji chini, nikikata kona yanacheza. Globu ya upande huo imeungua mara mbili. Taa nyingine naambiwa ni ghali. Hii inaweza kupona? — Dada wa Raskazone

Inaweza kupona, dada yetu, mradi kioo chenyewe hakijapasuka katikati. Na usiendelee kuibadilishia globu kabla hujaitoa maji. Unyevu hula pini za soketi, zinaota ukijani, umeme unapita kwa taabu, soketi inapata moto mpaka plastiki inaungua. Ukichomoa soketi ukaona imebadilika rangi kuwa kahawia, badilisha soketi pamoja na globu.

Taa iliyoanza kuingiza maji baada ya kugongwa ina mambo matatu ya kushukiwa, kwa mpangilio huu. La kwanza ni kifuniko cha nyuma: fundi wa bodi alikitoa, hakukirudisha sawasawa, au mpira umechanika mdomoni. La pili ni maungio ya kioo na kasha, yamefunguka upande uliopokea kishindo, mara nyingi pembe ya juu karibu na madigadi. La tatu ni ufa kwenye kasha, pale panapoota masikio ya kufungia bolti. Sikio likivunjika huondoka na kipande cha ukuta wa taa, na ufa huo huwezi kuuona taa ikiwa ndani ya gari.

Basi itoeni. Zimeni gari, chomoeni kwanza terminali hasi ya betri. Kwenye magari mengi madogo ya Toyota bampa la mbele lazima litolewe ili taa ipite; bolti karibu zote ni za spana namba 10, zilizobaki ni klipu za plastiki ambazo ni vizuri kuwa na chache mpya mkononi, kwa sababu za zamani hukatika. Kama taa ni za zenoni, msiguse chochote nyuma ya taa ikiwa na umeme: kuiwasha balbu ya zenoni kunahitaji zaidi ya volti 20,000.

Taa ikiwa mezani, toeni globu zote na vifuniko, inamisheni ili maji yatokee kwenye tundu la globu. Msishike kioo cha globu ya halojeni kwa vidole. Mafuta ya ngozi hubaki hapo, panapata moto kuliko pengine, na globu inakufa mapema. Ikishaguswa, futeni kwa kitambaa safi chenye spiriti ya hospitali.

Kukausha ndiko kunakoharibu taa nyingi. Upepo wa kompresa ya wazibaji pancha msiutumie. Mtungi wake umejaa maji na mafuta ya pampu, na vyote hurushwa ndani ya taa kama mnyunyizo. Vidoa vile kwenye kiakisi, ule ukuta unaong'aa ndani ya taa na kurudisha mwanga mbele, havitoki. Tumieni draya ya nywele kwenye joto la chini, muishike umbali wa sentimita 20 kutoka tundu la globu, dakika 10 hadi 15, mpumzike, mrudie. Au iachwe kwenye baraza yenye upepo kutwa nzima, matundu yote wazi, kioo kikitazama chini. Juani isiachwe kioo kikitazama juu: taa yenye jicho la duara ndani hukusanya miale ya jua mahali pamoja na kuyeyusha plastiki.

Sasa kutafuta tundu. Rudisheni vifuniko na globu zote, zibeni pua zote isipokuwa moja kwa utepe wa umeme, na kwenye hiyo moja chomekeni mpira mwembamba. Pakeni povu la sabuni ya kuoshea vyombo kuzunguka maungio yote, kisha mtu mmoja apulize kwa mdomo, taratibu. Kwa mdomo, narudia. Pampu yenye nguvu itafungua hata pale palipokuwa pazima. Mtaona povu linatunga mapovu madogo mahali pamoja, kama maziwa yanayoanza kuchemka. Hapo ndipo. Wekeni alama kwa kalamu ya wino mzito, muendelee kuzunguka mpaka mwisho, kwa sababu taa iliyogongwa huwa na tundu zaidi ya moja.

Povu likitunga kwenye kifuniko cha nyuma, nunueni kifuniko kingine, au mpakeni mpira wake grisi ya silikoni kama bado ni laini. Msipake grisi ya kawaida wala vaselini. Mafuta ya petroli huvimbisha aina nyingi za mpira, na yakipata moto mvuke wake hutua kwenye kiakisi na kukitia giza.

Likitunga kwenye maungio, na urefu uliofunguka ni wa sentimita chache, inatosha kutibu kwa nje. Kwaruzeni uchafu, futeni kwa spiriti, kausheni kabisa, kisha jazeni silikoni mkiisukuma ndani ya ufa kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, upana wa milimita 5 hivi. Iacheni saa 24 vifuniko vikiwa wazi ndipo mfunge taa. Na hapa pana mtego ambao wengi hawaujui. Ile silikoni inayonuka siki inapokauka hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo hula alumini nyembamba iliyopakwa kwenye kiakisi. Nunueni isiyonuka siki, ile ambayo kwenye tyubu imeandikwa kuwa ni ya neutral. Supaglu nayo msiikaribishe: mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, na huo ni vigumu kuufuta.

Maungio yakiwa yamefunguka upande mzima, kioo inabidi kitolewe na kurudishwa kwa gundi mpya. Taa nyingi za Kijapani zimegundishwa kwa butili, ile gundi nyeusi inayovutika kama ubani wa kutafuna, na butili hulegea kwa joto. Toeni kwanza skurubu na vibanio vyote vya chuma, iwekeni taa ndani ya oveni ya umeme yenye nyuzi 90 hadi 100 juu ya ubao mkavu, isiguse chuma cha oveni, dakika 8 hadi 10. Itoeni mkiwa mmevaa glavu, muanze kuachanisha kwenye pembe kwa bisibisi bapa, pole pole. Ikigoma, rudisheni dakika tatu, msitumie nguvu. Gundi ya zamani itolewe yote kwenye mfereji, kamba mpya ya butili ilazwe bila kuacha pengo, kioo kikandamizwe, taa irudi kwenye oveni dakika chache, kisha ibanwe mpaka ipoe. Kama gundi mliyoikuta ni ngumu kama plastiki na joto halikuilegeza, hiyo si butili, iacheni, msiipasue.

Oveni ya gesi, jiko la mkaa, tochi ya gesi ya kuchomelea, hivyo vyote hapana.

Natoka Tanga mchana, nafika Lushoto usiku, asubuhi nakuta taa zina ukungu. Nikirudi Tanga hakuna kitu. Gari lina kasoro? — Mfanyabiashara wa mboga

Halina. Umepanda na hewa ya pwani mpaka mita kama 1,400 juu ya bahari. Ukizima gari huko, kioo kinashuka kwenye baridi ya Usambara na ile hewa nzito ya Tanga iliyobaki ndani inaacha maji yake. Ukishuka, unashuka na hewa ya mlimani yenye maji machache, kwa hiyo haina cha kuacha. Washa dimu tangu Mombo unapoanza kupanda, hata kama bado ni mchana. Taa itapumua njiani, na ukifika utakuwa umeshatoa sehemu kubwa ya hewa uliyoibeba.

Nimeweka globu za LED. Zina feni nyuma, kifuniko cha mpira hakifungi tena, fundi akakitoboa katikati ili feni ipite. Mwanga ni mzuri lakini kuna ukungu ambao hauishi hata nikitembea saa mbili. — Kijana wa Mabawa

Umepata hasara mbili kwa pamoja, mdogo wetu. Globu ya halojeni hutupa joto mbele, na joto hilo ndilo lililokuwa likikausha kioo. LED joto lake linakwenda nyuma kwenye mapezi ya alumini, kioo kinabaki baridi, ukungu ukiingia unakaa. Na kifuniko kilichotobolewa kinaingiza unyevu na vumbi kila feni inapozunguka.

Vipo vifuniko virefu vya mpira vilivyotengenezwa kwa ajili ya globu hizo, vyenye kina cha kutosha kuimeza feni. Pima kipenyo cha mdomo wa taa yako kwa rula kabla ya kwenda dukani; ukikosea milimita mbili hakitashika. Tafuta pia globu fupi ambayo feni yake inaingia yote nyuma ya kifuniko cha awali. Ukikosa vyote, ushauri wetu ni urudishe halojeni. Tunajua hutaupenda, lakini kiakisi cha H4 kilichorwa kwa ajili ya uzi mwembamba wa halojeni, na LED nyingi za kupachika hutawanya mwanga mpaka machoni mwa anayekuja mbele. Barabara ya Segera usiku ina malori, bodaboda na watembea kwa miguu. Mwanga unaokufurahisha wewe unamnyima mwenzako kuona.

Je, nikiweka mchele ndani ya taa? Au vile vipakiti vya kwenye viatu? — Msomaji, Chumbageni

Mchele usiweke. Haunyonyi kitu cha maana, unaacha unga, na unaita wadudu.

Vipakiti vya silika vinanyonya kweli. Gramu 5 za silika kavu kwenye hewa yenye unyevu mwingi zinaweza kubeba gramu moja na nusu ya maji. Lakini kumbuka taa inapumua. Kila usiku inavuta hewa mpya, na ndani ya siku chache pakiti imeshiba; kuanzia hapo ni mzigo tu. Zitumie kumalizia ukaushaji: taa ikiwa mezani, ziweke usiku kucha ndani yake, asubuhi zitoe. Zikilowa zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa moja au mbili, kama mfuko wake unastahimili. Usiziache ndani ya taa ya gari linalotembea, isipokuwa kiwanda kimeweka mahali pake maalumu. Ikidondoka juu ya globu ya halojeni itayeyuka na kugandia hapo.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Hapa kwetu tunatoboa tundu dogo chini ya taa ili maji yatoke, na wateja wanafurahi. Ila baada ya mwaka kiakisi kinakuwa cha kijivu. Kinasafishwaje? — Fundi, Muheza

Ndugu fundi, swali lako la pili limejibiwa na la kwanza. Tundu linalotoa maji linaingiza vumbi la barabarani, na kwa gari linaloshinda pwani linaingiza chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe ikifikia unyevu wa asilimia 75, na hapa kwetu usiku unyevu hupita hapo mara nyingi. Maana yake, taa yenye chumvi ndani hulowa hata usiku usio na mvua. Tone hilo la maji ya chumvi likikaa juu ya alumini, ule ukijivu unaouona ni alumini inayoliwa.

Kwa hiyo hakisafishwi kikarudi. Kilicholiwa kimekwisha, na hakuna dawa ya kung'arisha itakayosaidia. Ile alumini ni nyembamba kuliko utando wowote unaoweza kuushika, na ukipitisha kitambaa juu yake hata mara moja unaivua. Kama ni vumbi tu na alumini bado iko, mimina maji safi yasiyo na chumvi yale ya kuongezea betri (maji, si asidi), yatikise polepole ndani ya taa, yamwage, rudia mara mbili, kausha kwa draya. Usitie sabuni, usiingize brashi, usiguse kwa petroli wala tina. Tina na petroli hupasua polikabonati, ile plastiki angavu iliyotengenezea kioo cha taa. Nyufa zake ndogo ndogo kama utando wa buibui huonekana siku kadhaa baadaye, na mteja atakurudia wewe.

Matundu uliyokwisha toboa yazibe kwa butili kwa nje. Halafu rudi kwenye lile povu la sabuni tulilomweleza dada wa Raskazone. Lina thamani kuliko drili, na mteja anaona kwa macho yake pale panapovuja, hana sababu ya kubishana nawe juu ya malipo.

Teksi yangu naiosha kila jioni kwa mashine ya presha, pamoja na injini. Je, ndiyo inayoniletea maji kwenye taa? — Dereva, stendi

Inawezekana sana. Maji ya presha yakipigwa kwa mbele kioo huvumilia, mradi mdomo wa bomba usisogezwe karibu zaidi ya sentimita 30. Hatari iko nyuma, pale unapoosha injini na bomba linapita kwenye vifuniko vya taa na kwenye pua zake. Pua zile zimetengenezwa kuzuia mvua inayodondoka, hazizuii maji yanayosukumwa.

Na usioshe taa zikiwa za moto. Hewa ikishuka kutoka nyuzi 60 hadi 27 ujazo wake unapungua kwa asilimia kama 10. Kwenye taa ya lita 10 hiyo ni lita nzima inayovutwa ndani, na kitakachovutwa ni kile kilichopo mdomoni mwa pua: kama ni hewa, hewa, kama ni maji, maji. Zima taa, subiri dakika 15 hadi 20, ndipo uoshe. Sababu ni hiyohiyo kwa anayeingia kwenye mtaa uliofurika. Taa ikiwa ya moto ikazama mpaka kwenye pua, inakunywa.

Ukimaliza kuosha jioni, washa dimu robo saa injini ikiwa inaunguruma, kabla hujaliegesha.

Nataka kununua taa ya mtumba. Niangalie nini? — Msomaji, Pongwe

Anza na masikio ya bolti, yote yawepo na yasiwe yamegundishwa. Kisha iangalie kwa ndani kwa tochi kupitia tundu la globu: mstari wa kijivu kama alama ya maji kwenye ndoo unaonyesha iliwahi kujaa. Nusa. Taa iliyolowa muda mrefu ina harufu ya uvundo. Pitisha kidole kwenye maungio. Ukikuta silikoni nyeupe au ya kung'aa juu ya gundi nyeusi, jua imeshafunguliwa na mtu. Hakikisha vimipira vya kupumulia vipo, maana hupotea na muuzaji hatakwambia.

Halafu jambo ambalo haliingizi maji lakini ni zito. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, Dubai wanaendesha kulia. Taa iliyotengenezwa kwa nchi ya kuendesha kulia huinua mwanga wa dimu upande wa kulia, yaani usoni mwa anayekuja mbele yako hapa Tanzania. Iombe iwashwe mbele ya ukuta kabla hujalipa. Ukingo wa mwanga uwe umelala sawa upande wa kulia na kupanda kidogo upande wa kushoto.

Ukishaifunga, ipime. Egesha mahali palipo sawa, mita 5 kutoka ukutani, tairi zikiwa na upepo wake wa kawaida na mtu amekaa kwenye kiti cha dereva. Weka alama ukutani kwenye kimo cha katikati ya taa. Ukingo wa dimu unatakiwa uwe sentimita 5 chini ya alama hiyo. Skurubu ya kurekebishia iko nyuma ya taa, mara nyingi juu, na huzungushwa kwa bisibisi ya nyota.

Na taa za nyuma? — Msomaji, Sahare

Kanuni ni zilezile. Ongeza kuangalia sponji iliyo kati ya taa na bodi. Ikichakaa, maji hupita nyuma ya taa na kuingia kwenye buti, na wengi huanza kugundua kwa zulia kunuka. Inua zulia, gusa sehemu ya tairi la akiba. Sponji mpya ya mpira yenye gundi upande mmoja, unene wa milimita 5 hadi 6, inatosha. Bolti zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, usimalize upande mmoja kwanza.

Bodaboda yangu taa ikijaa maji naigeuza juu chini yanatoka. Ni sawa? — Kijana, Duga

Yanatoka kwa sababu kuna tundu, na yataingia kwa hilohilo. Fungua pete ya taa, kagua mpira wa nyuma ya globu, nao ndio unaokatika mara nyingi kwa sababu waya unauvuta kila ukikata usukani. Mpira mpya usambaze mdomo wake wote juu ya shingo ya taa, uuache waya na ulegevu wa sentimita chache kabla ya kuufunga kwa klipu.